Aligeta, Kelele na Maji ya Everglades

Kusini mwa jimbo la Florida, nchini Marekani, kando ya barabara iitwayo Tamiami Trail, iliyofunguliwa mwaka 1928 ili kuiunganisha miji ya Tampa na Miami, yamejipanga mabango yenye picha za aligeta waliokenua meno. Hapo mgeni hulipa kiingilio, hupewa vizibo vya masikio, kisha hupakiwa katika chombo ambacho mtu aliyezoea mtumbwi au jahazi angekistaajabia. Chombo hicho ni bapa chini mithili ya sinia. Hakina tanga, wala rafadha majini. Nyuma yake imesimamishwa injini ya gari au ya ndege, nayo huzungusha rafadha kubwa hewani, ndani ya kizimba cha chuma.

Mwendo wake hueleweka kwa kanuni ya tatu ya Newton: rafadha huisukuma hewa nyuma, na hewa nayo hukisukuma chombo mbele. Kwa kuwa hakuna kitu kining'iniacho chini, chombo hupita katika maji ya kina cha sentimita chache, na hata juu ya majani mabichi. Usukani ni mabamba yaliyosimama wima nyuma ya rafadha, ambayo huukengeusha upepo huo. Hapo ndipo ulipo udhaifu wake, kwani injini ikizimwa upepo hukoma, na usukani hubaki bila kazi. Breki hakuna. Chombo cha kwanza cha aina hii kiliundwa mwaka 1905 huko Nova Scotia, Kanada, na kundi lililoongozwa na Alexander Graham Bell, yule yule mashuhuri kwa simu. Hata hivyo, ilipasa kungojea hadi mwaka 2018 ndipo Florida ilipopitisha sheria ya kuwataka waendeshaji wabebao abiria kwa malipo wapate mafunzo maalumu.

Abiria wengi hudhani kuwa wanapita katika kinamasi kilichotuama. Kumbe wamo mtoni. Kwa asili, maji ya Everglades yalifurika kutoka Ziwa Okeechobee na kuteremka kusini hadi baharini, yakiwa yametandaa kwa upana wa makumi ya kilomita. Mteremko wa nchi ni mdogo mno, yapata sentimita tatu tu kwa kila kilomita moja, na kwa hiyo jicho halioni mkondo wowote. Majani marefu yenye kingo kali kama msumeno, ambayo wenyeji huyaita nyasi, si nyasi hasa. Ni ya jamii moja na ndago wa mashambani mwetu na mafunjo ya mito yetu.

Baada ya safari huja maonyesho. Mtu huingia ndani ya ua, humkalia aligeta mgongoni na kulifumba domo lake kwa mikono mitupu, huku watazamaji wakishika pumzi. Jambo hili lina maelezo mepesi. Misuli ifungayo taya ni mikubwa ajabu, na nguvu ya kuuma iliyopimwa kwa aligeta wakubwa imezidi niutoni 9,000. Lakini misuli ifunguayo domo ni dhaifu, hata utepe wa kawaida watosha kulizuia. Mchezo huu ulishika mizizi mwanzoni mwa karne ya 20, pale Waseminole, ambao nchi yao ya uwindaji ilikuwa ikikaushwa, walipoanza kupata ujira kutoka kwa watalii. Mtazamaji aonaye humo ushujaa tu, na asione njaa iliyouzaa, ameona nusu ya maonyesho.

Mambo ya ajabu zaidi hayaonyeshwi uani. Jike hurundika majani na matope, hutaga humo, na joto la kuoza kwa majani hayo huatamia mayai. Joto hilo ndilo huamua jinsia: mayai yakikaa katika nyuzi 30 za Selsiasi hutoka majike, na katika nyuzi 33 hivi hutoka aghalabu madume. Watoto wakilia ndani ya mayai, mama hufukua kiota na kuwabeba kinywani hadi majini.

Aidha, aligeta huchimba mashimo kwa pua na mkia. Kiangazi kinapokausha uwanda, mashimo hayo hubaki na maji, na samaki, kasa na ndege hukimbilia humo. Baadhi yao huliwa na mwenye nyumba, naam, lakini wengi huokoka hadi mvua inaporejea. Kwa hiyo aligeta walipowindwa kwa ajili ya ngozi hadi wakaingizwa katika orodha ya wanyama walio hatarini mwaka 1967, hasara ilikuwa pia ya viumbe hao wengine. Ulinzi wa sheria ulifaulu, na mwaka 1987 ilitangazwa kwamba wamekwisha ongezeka vya kutosha.

Aligeta amerudi, bali maji yake hayajarudi. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1947, mwaka ule ule ilipozinduliwa Hifadhi ya Taifa ya Everglades, serikali iliidhinisha mpango wa mifereji, kingo na pampu. Maji yaliyokuwa yakielekea kusini yakaelekezwa baharini kwa njia ya mkato, ili kuwanusuru wakazi wa miji na mashamba ya miwa. Takriban nusu ya eneo la asili imekwisha kugeuzwa mashamba na makazi. Mbolea ya mashambani nayo huleta fosforasi, na mimea ya huko imezoea maji yenye kiasi kidogo mno cha madini hayo, sehemu kumi tu kwa kila sehemu bilioni moja.

Mpango wa kuyarudisha maji uliidhinishwa na Bunge la Marekani mwaka 2000, nao unaendelea polepole na kwa gharama kubwa. Miongoni mwa vizuizi vilivyopaswa kutobolewa ni ile barabara ya Tamiami Trail yenyewe, kwani tuta lake lilikuwa limeupinga mto kama boma. Daraja la kwanza, la urefu wa kilomita 1.6 hivi, lilikamilika mwaka 2013, na mengine yakafuata. Chini yake maji hupita tena kuelekea hifadhini.