Picha Zilizovuka Bahari

Mwaka 1948 mzigo wa picha uliwasili katika kanisa la All Souls, mjini Washington, mji mkuu wa Marekani. Picha hizo zilichorwa na watoto wa shule wa Hiroshima, mji wa Japani ambao Wamarekani waliuangamiza kwa bomu la atomiki miaka mitatu kabla yake. Karatasi na kalamu za rangi zilizotumiwa zilikuwa zimetoka kwa watoto wa kanisa hilo hilo. Basi kazi ile ilikuwa ya pande mbili: watoto wa Washington walitoa vyombo, na watoto wa Hiroshima wakatoa kazi ya mikono yao. Yafaa kueleza jinsi jambo hilo lilivyotokea, maana mataifa yao yalikuwa yametoka vitani juzi tu.

MJI ULIOTEKETEA

Bomu lilidondoshwa tarehe 6 Agosti, 1945, saa mbili na robo ya asubuhi. Kufikia mwisho wa mwaka ule watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa, wengine siku ile ile, na wengine baadaye kwa majeraha ya moto au kwa ugonjwa ulioletwa na miali ya bomu, ambayo haionekani kwa macho.

Shule ya Honkawa ilikuwa karibu sana na mahali bomu lilipopasukia. Hapakutimia hata nusu kilomita. Jengo lake lilikuwa la saruji na chuma, kwa hiyo kuta zilibaki zimesimama, lakini ndani kila kitu kiliteketea. Wanafunzi wapatao 400 na walimu wapatao 10 walikufa. Katika wote waliokuwamo shuleni asubuhi ile, waliopona ni mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja.

Watoto wengine walikuwa wamehamishiwa mashambani zamani kidogo kwa sababu ya hatari ya vita. Shule ilipofunguliwa tena mwaka 1946, walisoma ndani ya kuta zilizoungua. Miongoni mwao walikuwamo waliofiwa na wazazi na ndugu. Penseli na karatasi zilikuwa adimu.

KEKI ILIYOZUSHA MANENO

Mnamo Julai, 1946, Wamarekani walijaribu mabomu mengine mawili ya atomiki katika kisiwa cha Bikini, kwenye Bahari ya Pasifiki. Mkuu wa kazi ile alikuwa Admirali Blandy. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule ilifanywa karamu mjini Washington, na mbele ya mkuu huyo ikawekwa keki iliyotengenezwa kwa umbo la wingu la bomu. Picha ya Admirali na mkewe wakiikata keki hiyo ilitolewa katika gazeti.

Kasisi wa kanisa la All Souls, A. Powell Davies, aliiona picha hiyo akakasirika sana. Jumapili iliyofuata aliihubiri, akisema kuwa ni aibu kuifanyia sherehe silaha iliyoua watu wengi namna ile. Maneno yake yalienea mbali. Yalimfikia Howard Bell, Mmarekani aliyekuwa Japani akifanya kazi ya elimu chini ya utawala wa majeshi ya Marekani. Bwana Bell alimwandikia Kasisi, akamweleza jinsi watoto wa shule wa Japani walivyokosa vyombo vya kusomea.

Kanisa liliitikia. Watoto wake walikusanya penseli, kalamu za rangi, karatasi na vitu vingine vya darasani, hata mzigo ukafikia uzito wa nusu tani. Mwaka 1947 ulipelekwa Hiroshima, ukagawanywa kwa shule mbili, Honkawa na Fukuromachi, na kwa nyumba moja ya watoto yatima.

MAMBO WALIYOYACHORA

Watoto wa Hiroshima hawakuwa na fedha wala bidhaa za kurudisha shukrani. Walirudisha picha, na pamoja nazo maandishi yaliyoandikwa kwa brashi na wino, kama ilivyo desturi ya Wajapani.

Mtu akizitazama picha zile bila kuambiwa zilikotoka, hawezi kukisia habari yake. Hamna moto wala maiti. Mna miti ya cheri iliyochanua, ambayo Wajapani huipenda kupita kiasi; mna watoto wachezao, na rangi zinazong'aa. Haifai kudhani kwamba watoto wale walikuwa wamesahau. Vifusi vilikuwa mbele ya macho yao kila siku. Lakini walipopata kalamu za rangi, waliwaonyesha wenzao wa ng'ambo mambo waliyoyapenda. Huenda watu wa Washington walitazamia lawama. Waliloletewa ni salamu ya mtoto kwa mtoto mwenziwe.

PICHA ZARUDI NYUMBANI

Kwa miaka mingi picha hizo zilihifadhiwa kanisani, na walioziona walikuwa wachache. Karatasi huchakaa upesi, hasa karatasi ya bei nafuu, nayo hugeuka rangi na kukatika. Baada ya mwaka 2000 picha karibu 50 zilitiwa mikononi mwa mafundi wa kutengeneza karatasi za zamani, wakazisafisha na kuziimarisha. Mwaka 2010 zilipelekwa Hiroshima, zikaonyeshwa katika shule ile ile ya Honkawa. Baadhi ya waliozichora walikuwa bado hai, wazee wa miaka sabini na zaidi, nao waliziona tena kazi za mikono yao baada ya miaka 62.

Sehemu ya jengo la zamani la Honkawa imehifadhiwa iwe nyumba ya makumbusho, na kuta zake zingali na alama za moto. Mgeni aingiaye humo huona jambo ambalo wakubwa wa mataifa walilitenda kwa muda mfupi asubuhi moja. Picha za cheri nazo zaonyesha jambo ambalo watoto wa mataifa hayo hayo walilifanya pamoja kwa nusu tani ya penseli na karatasi. Yote mawili ni kazi ya binadamu, na kila kizazi hakina budi kuchagua ipi ya kuiendeleza.