Umio Ukiuma Miezi Mingi: Je, Ni Virusi?



Katika vikundi vyetu hakukosi mtu anayelalamika hivi: "Nikimeza naungua hapa kifuani. Uji unapita, lakini ugali unakwama. Sasa ni mwezi wa nne." Wenzake humpa majibu mengi. Mmoja asema ni vidonda vya tumbo, mwingine asema ni baridi. Wa tatu asema, "Ni virusi tu, vitaisha vyenyewe." Jibu hili la tatu lina ukweli ndani yake, tena lina hatari. Basi tulichunguze.

Umio ni nini?
Ni mrija unaoteremsha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kwa mtu mzima una urefu wa sentimita 25 hivi. Ngozi yake ya ndani ni laini. Ikiumizwa, huvimba, huwa nyekundu na pengine hutoka vidonda.

Je, virusi vyaweza kuuumiza?
Ndiyo. Virusi vya hepesi, vile vinavyoleta malengelenge mdomoni, vyaweza kuingia umioni. Kuna na vingine viitwavyo kwa kifupi CMV. Lakini kwa mtu mwenye kinga nzuri jambo hili hutokea mara chache sana. Likitokea, maumivu huja ghafla, mara nyingi pamoja na homa, na kwa kawaida hupoa baada ya wiki moja au mbili. Hayakai miezi minne.

Kwa hiyo, virusi vikikaa umioni muda mrefu, tusiulize tu, "Ni virusi gani?" Tuulize pia, "Kinga ya mwili imepunguzwa na nini?" Pengine ni virusi vya ukimwi ambavyo havijatibiwa. Pengine ni dawa za saratani, au dawa kali za kupunguza uvimbe zilizotumiwa kwa muda mrefu. Na kwa mtu ambaye ukimwi umemdhoofisha, mkosaji wa kwanza hata si virusi vya hepesi wala CMV. Ni ukungu, ule unaoleta utando mweupe mdomoni. Dawa yake ipo, nao hupona.

Sababu zilizo za kawaida zaidi
1. Asidi ya tumboni kupanda juu, yaani kiungulia. Hii ndiyo inayoongoza.
2. Kumeza vidonge bila maji ya kutosha, kisha kulala papo hapo. Kidonge hukwama na kuchoma. Doksisaiklini na baadhi ya dawa za maumivu zina sifa mbaya hapa.
3. Mwili kukataa vyakula fulani, kama maziwa, ngano au mayai.

Hatari ya kungoja
Ugonjwa mwingine huanza vivi hivi: saratani ya umio. Kwanza chakula kigumu hukwama, baadaye hata uji, na mwili hukonda. Huko Bomet na sehemu nyingine za Bonde la Ufa saratani hii imeonekana kwa wingi, hata kwa watu wenye umri chini ya miaka 30. Pombe na tumbaku huongeza hatari. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema kwamba vinywaji vyenye joto lipitalo digrii 65 huenda vikaleta saratani hiyo. Chai ikitoka jikoni, iache ipoe kidogo.

Tufanye nini?
* Chakula kikikwama, ukikonda, ukitapika damu au choo kikiwa cheusi kama lami, nenda hospitali sasa. Usingoje mavuno.
* Maumivu ya kumeza yakipita wiki mbili, nenda ukapimwe. Mganga aweza kuagiza mpira mwembamba wenye kamera, nao huchukua kipande kidogo cha ngozi ya umio. Hapo ndipo hujulikana kama ni virusi, ukungu, asidi au saratani. Kwa macho ya nje hakuna ajuaye.
* Kubali kupimwa virusi vya ukimwi. Si aibu. Tangu 2016, Kenya humwanzishia dawa kila anayepatikana navyo, bila kungoja augue.
* Kama ni kiungulia tu, usile katika muda wa saa tatu kabla ya kulala. Inua kitanda upande wa kichwa kwa sentimita 15 hivi, kwa matofali au mbao.
* Meza vidonge ukiwa umeketi, kwa bilauri nzima ya maji, na usilale kwa nusu saa.

Dawa ya asidi haiui virusi, wala dawa ya ukungu haiponyi saratani. Ndiyo maana kununua dawa dukani kwa kubahatisha ni kupoteza pesa na wakati.

Ya kuzungumza kikundini
1. Je, yuko mwenzetu ambaye siku hizi hula uji tu? Nani atamwendea?
2. Nauli ya hospitali ikikosekana, kikundi chetu kitasaidia vipi?