Kuvuka Bahari Baada ya Kustaafu (2): Mstaafu Hana Jumatatu

Swali nililoulizwa zaidi baada ya sehemu ya kwanza, iliyohusu kununua mashua na kuikagua, lilikuwa la mwili, si la fedha. Mtu wa miaka 60 na ushei, magoti yanamuuma na bila miwani haoni, atavutaje kamba za tanga katikati ya Atlantiki usiku wa manane? Ni swali la haki, ila limegusa upande mdogo wa jambo. Nguvu za mikono zina nafasi yake, na siku hizi zina wasaidizi wengi. Kinachowaponza wengi baharini ni haraka. Kijana aliyepewa likizo ya wiki tatu atang'oa nanga hata kama mawingu yamejaa, kwa sababu Jumatatu anatakiwa kazini. Mstaafu hana Jumatatu.

Mfano ninaoupenda ni wa Jeanne Socrates, Mwingereza aliyekuwa mwalimu wa hisabati. Alijifunza kuendesha mashua ya tanga akikaribia miaka 50. Mwishoni mwa miaka ya 1990 yeye na mumewe, George, wakanunua mashua yao, wakaiita Nereida, wakaanza kutembea nayo. George akafariki kwa saratani mwaka 2003. Watu wengi wangeiuza. Yeye akaendelea, sasa peke yake. Mwaka 2008, akiwa amebakiza mwendo wa chini ya siku moja kuukamilisha mzunguko wa dunia, mashua ilipotea njia ikapanda ufukweni karibu na Acapulco, Mexico, ikaharibika kabisa. Akanunua nyingine, akaipa jina lile lile. Januari 2011, karibu na Cape Horn, ncha ya kusini ya Amerika, wimbi liliilaza ubavu na boriti inayoshika tanga kuu ikavunjika. Akaingia bandarini kutengeneza. Oktoba 2012 alitoka Victoria, Canada, akaizunguka dunia bila kutia nanga popote wala kupokea msaada wa mtu, akarudi Julai 2013 baada ya siku 259. Alikuwa na miaka 70.

Hapo wengi wangesema inatosha. Mwaka 2017, akiandaa safari nyingine, alianguka kutoka kwenye mashua iliyokuwa imepandishwa nchi kavu, akavunjika shingo na mbavu. Nataka msomaji alitazame hilo vizuri: jeraha baya kuliko yote alilipata pasipo na maji. Akapona, akaondoka tena Oktoba 2018. Njiani tanga kuu lilichanika, akatumia wiki kadhaa kulishona kwa mkono mashua ikiyumba. Alirudi Victoria tarehe 7 Septemba 2019, baada ya siku 339, akiwa na miaka 77. Safari hiyo ilikuwa ndefu kuliko ile iliyoisha 2013 kwa siku 80 kamili. Mtu mwenye ajira asingeweza kuzilipia siku hizo. Angelazimisha mwendo kwa tanga bovu, na pengine tusingesikia habari zake tena.

Wapo wengine, nawataja kwa haraka. Alec Rose alikuwa muuza mboga na matunda wa Southsea, Uingereza; mwaka 1967 alimwachia mkewe duka, akaizunguka dunia kwa mashua ya futi 36, akarudi Julai 1968 akiwa na miaka 59. Francis Chichester alitoka Plymouth mwaka 1966 akikaribia miaka 65, miaka minane hivi baada ya madaktari kumwambia ana saratani ya mapafu. Bill Hatfield wa Australia alimaliza mzunguko wake Februari 2020 akiwa na miaka 81, tena kwa kuelekea magharibi, upande ambao upepo wa bahari za kusini humjia mtu usoni. Kenichi Horie wa Japani alivuka Pasifiki mwaka 2022 akiwa na miaka 83, siku 69 kutoka San Francisco, ndani ya chombo cha urefu wa mita sita hivi.

Hata hivyo rekodi hupotosha. Mstaafu wa kawaida hana haja ya kupita Cape Horn. Njia yake ni ya ukanda wa joto, ambako upepo huvuma kwa utaratibu, na kazi yake kubwa ni kusoma kalenda. Chukua Atlantiki. Kutoka visiwa vya Canary hadi Karibi ni kama maili 2,700 za bahari. Mashua ya futi 36 hwenda wastani wa maili tano kwa saa, yaani 120 kwa siku, kwa hiyo safari ni wiki tatu na siku kidogo. Upepo wa kaskazini-mashariki huvuma nyuma yake karibu njia nzima. Ila vimbunga vya Karibi vina msimu wake, Juni hadi mwisho wa Novemba, kwa hiyo anayetoka Canary mwezi wa Agosti anajitafutia balaa. Anayesubiri hadi mwisho wa Novemba au Desemba hupata upepo uliotulia na vimbunga vimekwisha. Bahari ni ile ile na mashua ni ile ile; kilichobadilika ni miezi mitatu ya kukaa bandarini ukipaka rangi na kununua vitunguu.

Joshua Slocum, wa kwanza kuizunguka dunia peke yake, alilielewa hili kabla ya vyombo vyote vya kisasa. Alikuwa nahodha aliyekosa kazi kwa sababu meli za mvuke zilikuwa zimezisukuma meli za matanga pembeni. Alitoka Boston Aprili 1895 akiwa na miaka 51, akarudi Juni 1898. Mashua yake, Spray, alikuwa ameikuta ikioza shambani, akaijenga upya kwa miezi 13. Ilikuwa imekaa sawa majini kiasi kwamba kutoka kisiwa cha Thursday, kaskazini mwa Australia, hadi visiwa vya Keeling katika Bahari ya Hindi, mwendo wa maili 2,700 kwa siku 23, yeye mwenyewe alishika usukani kwa saa zisizozidi tatu. Muda uliobaki alisoma, akapika, akalala.

Pwani ya mashariki ya Afrika Kusini ndiyo darasa gumu la kusubiri. Hapo hupita mkondo wa Agulhas, unaoshuka kuelekea kusini-magharibi ukibeba maji ya joto kutoka Mfereji wa Msumbiji, mara nyingine kwa kasi ya zaidi ya maili nne kwa saa. Upepo wa kaskazini-mashariki ukivuma, mkondo na upepo vinakwenda njia moja na mashua inakimbia kwa raha. Tatizo ni pepo kali za kusini-magharibi zinazofika kila baada ya siku chache. Zikikutana uso kwa uso na mkondo, mawimbi hufupika, husimama wima, na baadhi huwa makubwa kiasi cha kuvunja meli. Mwaka 1909 meli ya Waratah, yenye watu 211, ilitoka Durban kuelekea Cape Town na haijaonekana hadi leo.

Kati ya Durban na East London ni kama maili 250, na katikati hakuna bandari ya kukimbilia. Mashua ndogo huhitaji shwari ya siku mbili. Wenye busara hukaa Richards Bay au Durban wakiangalia baromita na utabiri wa hewa. Wanaacha upepo wa kusini-magharibi upite, wanangojea baromita ipande na upepo ugeuke, ndipo wanatoka mara moja, bila kuchelewa hata saa sita. Wengine hukaa wiki moja, wengine tatu. Nimesoma simulizi za wazee waliojaribu kutoka wakarudi bandarini mara kadhaa, na sijasoma hata moja inayojutia kurudi. Zinazosikitisha ni za waliokuwa na tiketi ya ndege Cape Town.

Kwa watu wa pwani yetu hakuna jipya hapo. Biashara yote ya majahazi kati ya Uswahilini, Arabuni na Bara Hindi ilijengwa juu ya kusubiri: kuja na kaskazi, kurudi na kusi, na katikati kukaa bandarini miezi mizima. Wazungu wastaafu wanaotia nanga Kilifi, Mtwapa au Unguja hufuata sheria ile ile. Anayetoka Madagaska au Komoro huja na kusi, na mkondo wa pwani humsukuma kuelekea kaskazini. Anayetaka kuteremka kusini ni lazima asubiri kusi life, maana kubisha dhidi ya upepo na mkondo kwa pamoja kutamchosha yeye na kumvunjia mashua. Vimbunga vya kusini mwa Bahari ya Hindi kwa kawaida haviingii karibu na ikweta, ndiyo maana pwani hii huhesabiwa kuwa salama, ingawa kimbunga Hidaya kilichofika Mafia Mei 2024 kimetukumbusha kwamba usalama huo una mipaka.

Turudi kwenye mwili. Kazi inayomaliza nguvu za mzee baharini ni kukosa usingizi, kuliko kuvuta kamba. Usukani hauhitaji mkono wa mtu muda wote: nyuma ya mashua hufungwa bamba jembamba linalohisi upepo. Mashua ikipinda, upepo hulisukuma bamba hilo, nalo huzungusha kasia lililo majini, na nguvu ya maji yanayopita huvuta usukani urudi mahali pake. Kifaa hiki hakili umeme wala hakichoki. Mstaafu asitoke bila hicho, hata kama ana usukani wa umeme, kwa kuwa umeme na maji ya chumvi hawajawahi kuwa marafiki.

Hatari iliyobaki ni kugongwa. Meli ya mizigo inayokwenda maili 20 kwa saa hukata maili sita au saba ndani ya dakika 20, na aliyekaa katika mashua ndogo macho yake yako chini, haoni mbali. Ndiyo sababu wasafiri wa peke yao, wakiwa katika njia za meli, hulala kwa vipande vya dakika 15 au 20, kengele masikioni. Kifaa cha AIS, kinachopokea jina, kasi na mwelekeo wa meli zilizo karibu na kupiga kelele ikija moja, kimepunguza mzigo huo sana. Walio wawili hugawana zamu za saa tatu tatu au nne.

Hapa pana jambo ambalo wanaume wa rika langu hawapendi kulisikia. Katika mashua nyingi za wastaafu, mume ndiye nahodha na mke ndiye mpishi. Mume akianguka majini usiku, au moyo ukimshika, mke hajui kushusha tanga, kuwasha injini, wala kuomba msaada kwa redio. Huo si ugawaji wa kazi, ni uzembe. Kila mmoja awe na uwezo wa kuigeuza mashua na kuifikisha bandarini peke yake. Na kwa kuwa kumwinua mtu mzima kutoka majini ni kazi inayowashinda hata vijana, kanuni ya kwanza ni kutokuanguka: usiku, au upepo ukikaza, mkanda wa kifuani ufungwe kwenye kamba ya usalama kabla mtu hajatoa kichwa nje. Tanga lipunguzwe mapema, pale wazo linapokujia tu, kwa sababu kulipunguza katika upepo mdogo ni kazi ya dakika kumi na katika dhoruba ni mapambano.

Dawa nazo zihesabiwe. Mwenye shinikizo la damu au kisukari abebe za safari nzima na akiba ya zaidi ya nusu yake, zigawanywe mahali pawili ili maji yakiingia huku zibaki kule. Insulini inataka ubaridi, kwa hiyo jokofu la mashua linakuwa kifaa cha uhai na umeme wake upangwe hivyo. Meno yatibiwe kabla ya kuondoka. Jino linaweza kumlaza nahodha katikati ya bahari kama kidonda.

Subira, hata hivyo, haizuii kila kitu. Paul na Rachel Chandler, Waingereza waliostaafu mapema, walitoka Shelisheli Oktoba 2009 kuja Tanzania na mashua yao Lynn Rival. Usiku wa kwanza tu wakatekwa na maharamia wa Kisomali, wakashikiliwa siku 388. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo, mashua nyingi zikaiacha njia ya Bahari ya Shamu zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, yaani kule kule kwenye mkondo wa Agulhas. Baada ya 2012 mashambulizi yalipungua sana, kisha mwishoni mwa 2023 yakaanza tena. Kalenda ya upepo haimsaidii mtu katika hili. Hapa kinachotakiwa ni kusoma taarifa za usalama wa baharini kwa bidii ile ile ya kusoma utabiri wa hewa, na kukubali kwamba njia fulani mwaka fulani imefungwa.

Wiki ijayo nitaeleza gharama: matengenezo ya kila mwaka, bima, ada za bandari, na kama pensheni inaweza kubeba hayo yote. Kabla ya hapo, msomaji aliyekwisha kuanza kuhesabu mafao yake asiuze nyumba wala shamba. Atafute kwanza nafasi katika mashua ya mtu mwingine, mwezi wa Julai kusi likiwa kali, akeshe humo usiku mmoja nje ya miamba, halafu aamue.