Kuhamisha Mfumo wa Kompyuta Kwenye Diski Yabisi

Katika ofisi, shule na maabara nyingi za hapa nchini kuna kompyuta ambazo bado ni nzima, lakini watumiaji wake wamekwisha kuzikatia tamaa. Mtu huiwasha mashine asubuhi, akaenda kunywa chai, akarudi na kuikuta bado haijawa tayari kwa kazi. Aghalabu lawama hutupiwa umri wa mashine, na pendekezo linalofuata ni kununua nyingine. Mara nyingi hukumu hiyo si ya haki. Kinachochelewesha kazi huwa ni chombo kimoja tu, yaani diski ngumu. Chombo hicho chaweza kuondolewa na kuwekwa kingine chenye kasi zaidi, na mfumo wote, pamoja na programu na mafaili ya mwenyewe, ukahamishiwa humo bila ya kusimikwa upya tangu mwanzo. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi jambo hilo linavyowezekana, na kwa nini halina budi kufanywa kwa hadhari.

Diski ngumu na diski yabisi

Diski ngumu ya kwanza ilitolewa mwaka 1956 na kampuni ya IBM ya Marekani. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye kipenyo cha inchi 24, na zote kwa pamoja zilihifadhi herufi milioni 5 hivi. Diski ngumu za leo ni ndogo kama kitabu cha mfukoni na huhifadhi mara nyingi mno ya kiasi hicho, lakini kanuni ya kazi yake haijabadilika: sahani zilizopakwa utando wa sumaku huzunguka, na mkono wenye kichwa cha kusomea husogea juu yake kutafuta mahali panapotakiwa.

Katika kusogea huko ndiko muda unakopotea. Tuchukue diski ya kompyuta ya mapajani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika. Mzunguko mmoja huchukua sehemu 11 hivi za elfu za sekunde, na kwa wastani kichwa hungoja nusu ya mzunguko kabla mahali panapotakiwa hapajapita chini yake. Tukiongeza muda wa mkono kusogea, kila safari ya kutafuta huchukua kiasi cha sehemu 15 za elfu za sekunde. Muda huo ni mdogo kwa binadamu. Lakini tuseme kwamba mfumo unapowaka unahitaji kusoma vipande 10,000 vilivyotawanyika katika diski. Safari hizo peke yake zitachukua sekunde 150, yaani dakika mbili na nusu, hata kama kompyuta yenyewe ina akili ya haraka namna gani.

Diski yabisi, ambayo wauzaji na mafundi huiita SSD, haina kitu kinachozunguka. Msingi wake uliwekwa mwaka 1967, wakati Dawon Kahng na Simon Sze wa maabara ya Bell, Marekani, walipoonyesha namna ya kunasa elektroni katika tabaka dogo lililozungukwa na kihami ndani ya transista. Elektroni zilizonaswa hubaki humo hata umeme ukikatwa, na kuwapo au kutokuwapo kwake ndiko kunakosomwa kama taarifa. Katika miaka ya 1980, Fujio Masuoka na wenzake wa kampuni ya Toshiba ya Japani walibuni kumbukumbu iitwayo flashi, na aina yake itumikayo katika diski yabisi, iitwayo NAND, ilitangazwa mwaka 1987. Kwa kuwa hakuna mkono wa kusogezwa, kipande chochote hufikiwa kwa kiasi cha sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Vile vipande 10,000 vya mfano wetu vitahitaji sekunde moja tu.

Kwa nini haitoshi kunakili mafaili?

Wengi hudhani kwamba kuhamisha mfumo ni kunakili mafaili yote kutoka diski moja hadi nyingine, kama mtu anavyonakili barua. Akimaliza na kuifunga diski mpya, mashine haiwaki. Sababu yake twaweza kuiona tukifikiria maktaba. Anayehamisha vitabu vyote hadi jengo jipya, lakini akaacha nyuma orodha, namba za rafu na ufunguo wa mlango, hajahamisha maktaba. Amehamisha vitabu tu.

Diski yenye mfumo nayo ina orodha na namba zake. Mwanzoni mwake kuna jedwali linaloeleza diski imegawanywa katika sehemu ngapi, na kila sehemu inaanzia na kuishia wapi. Katika mashine nyingi za Windows za miaka ya karibuni huwamo sehemu ndogo ya kuanzishia, aghalabu ya megabaiti 100 hivi. Kisha sehemu kubwa yenye mfumo wenyewe na mafaili ya mtumiaji. Na tena sehemu ya kutengenezea mfumo unapoharibika. Mashine inapowashwa, programu ya awali iliyomo ndani yake huitafuta ile sehemu ndogo, nayo huelekeza mfumo ulipo kwa kutumia namba ya utambulisho ya diski na ya sehemu. Sehemu ndogo ikikosekana, au namba zisipolingana, mfumo huwapo diskini lakini haupatikani.

Kwa hiyo kazi hufanywa na programu maalumu inayonakili diski nzima pamoja na mpangilio wake. Ziko namna mbili. Ya kwanza ni kunakili kila sekta, iwe ina kitu au ni tupu. Amri ya dd katika mfumo wa Linux hufanya hivyo. Ya pili ni kusoma kwanza ni mahali gani panapotumika, kisha kunakili hapo tu. Clonezilla, ambayo hupatikana bila malipo, hufanya hivyo kwa mifumo ya kawaida. Tofauti ya muda ni kubwa. Diski ya gigabaiti 500 ikisomwa kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde huchukua dakika 83 hivi. Ikiwa zinazotumika ni gigabaiti 120 tu, namna ya pili itamaliza kwa dakika 20. Jambo la kuangaliwa ni kwamba Clonezilla kwa kawaida hutaka diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani. Ikiwa ni ndogo, yapasa kwanza kupunguza ukubwa wa sehemu katika diski ya zamani, au kutumia programu inayoweza kufanya hivyo yenyewe.

Mkasa mmoja

Miaka michache baada ya kurejea kutoka masomoni ng'ambo, nilishuhudia kazi hii ikiharibika. Kompyuta iliyohusika ilikuwa na vipimo vya maji ya visima ambavyo mwanafunzi mmoja alivikusanya kwa miaka mitatu, kijiji hadi kijiji. Fundi aliyeombwa kuihamisha alikuwa hodari. Diski zote mbili, ya zamani na mpya, zilikuwa za gigabaiti 500, na programu ilizionyesha kwa majina yanayokaribiana. Alipoulizwa ipi ni ya kutolewa na ipi ni ya kupokea, alizigeuza. Mashine haikulalamika. Ilitii amri, ikaandika utupu wa diski mpya juu ya diski ya zamani. Hitilafu ilipogunduliwa, jedwali la sehemu na sehemu kubwa ya vipimo vilikuwa vimekwisha kufutika. Mwanafunzi yule alirudi vijijini, lakini misimu ya mvua iliyokwisha kupita haikuweza kupimwa tena.

Kosa halikuwa la fundi peke yake. Sisi wasimamizi wa mwanafunzi hatukumwuliza hata siku moja kama alikuwa na nakala ya pili.

Utaratibu wa kazi

Kwanza kabisa, mafaili yasiyoweza kupatikana tena yanakiliwe katika chombo cha tatu, kisicho diski ya zamani wala mpya, na nakala hiyo ifunguliwe katika kompyuta nyingine kuhakikisha kwamba inasomeka. Kazi isianze kabla ya hapo.

Pili, hali ya diski ya zamani ichunguzwe. Ikiwa inatoa mlio wa kugonga, au mafaili mengine hayasomeki, huo ni ugonjwa, nayo yaweza kufa wakati wowote. Katika hali hiyo yaliyo ya lazima yaokolewe kwanza. Vivyo hivyo, mfumo ulioingiwa na virusi usihamishwe, kwa kuwa nakala kamili huhamisha na maradhi. Hapo ni afadhali kusimika upya.

Tatu, mashine nyingine huhifadhi mafaili yake kwa maandishi ya fumbo. Katika Windows utaratibu huo huitwa BitLocker. Mwenye mashine hana budi kuwa na ufunguo wake wa urejeshaji umeandikwa mahali pa salama, na utaratibu huo usimamishwe kabla ya kuanza.

Nne, umeme. Kazi ikikatika katikati, nakala hubaki pungufu na hairuhusiwi kutegemewa. Kompyuta ya mapajani iwe na betri iliyojaa na iliyochomekwa. Kompyuta ya mezani iwe na betri ya akiba.

Tano, kabla ya kuthibitisha amri, diski zitambuliwe kwa namba za utengenezaji zilizobandikwa juu yake. Ukubwa na jina havitoshi. Yafaa mtu wa pili asome namba hizo kwa sauti. Kitendo hicho huchukua dakika moja, nacho kingaliokoa vile vipimo vya miaka mitatu.

Sita, nakala ikimalizika, diski ya zamani iondolewe kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza. Diski mbili zenye namba moja ya utambulisho huuchanganya mfumo, na Windows huweza kuizima mojawapo. Ikiwa diski mpya ni ya aina ya NVMe inayochomekwa moja kwa moja katika bodi ya mashine, huenda mfumo ukakosa kuitambua kwa sababu haujaandaa programu ya kuzungumza nayo. Mara nyingi kuwasha mara moja katika hali ya usalama huponya tatizo hilo.

Baada ya kuhama

Diski yabisi ina tabia zake. Desturi ya zamani ya kupanga upya vipande vya mafaili haina faida humo, kwa kuwa hakuna mkono wa kupunguziwa safari. Huongeza tu idadi ya maandiko, na kila chembe huvumilia idadi yenye kikomo. Faili likifutwa, mfumo huijulisha diski kwamba nafasi hiyo haitumiki tena, nayo huisafisha. Kwa hiyo lililofutwa kwa bahati mbaya ni vigumu mno kurudishwa.

Zaidi ya hayo, elektroni zilizonaswa huvuja polepole diski inapokaa muda mrefu bila umeme, na joto huharakisha uvujaji huo. Kwa nchi zenye joto kama zetu, diski yabisi iliyotiwa kabatini kwa miaka si ghala la kutegemewa. Diski ngumu ya zamani ikaribishwe kabatini badala yake. Isifutwe mpaka mashine imetumika majuma kadhaa na kila programu imefunguliwa na kujaribiwa.

Yapasa pia kusema kwamba diski mpya haibadilishi kila kitu. Windows 10 iliacha kupata matengenezo ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine isiyotimiza masharti ya Windows 11 haitayatimiza kwa sababu ya diski. Lakini mashine hiyo yaweza kupewa mfumo wa Linux, na kasi ya diski yabisi itaifaa vilevile.

Kompyuta huweza kununuliwa tena, na diski vivyo hivyo. Vipimo vya kisima katika msimu uliopita, hesabu za chama cha ushirika, au alama za wanafunzi wa shule, havina duka. Anayeshika bisibisi ili aifungue mashine na ajiulize kwanza nakala ya pili iko wapi. Asipopata jibu, airudishe bisibisi mahali pake.