Mgonjwa wa saratani asinyimwe chakula

Zipo nyumba, Handeni hata Korogwe, ambazo mtu akigundulika ana saratani (kansa) huondolewa nyama, mayai na maziwa kwa madai kwamba vinalisha uvimbe. Hubakiwa na uji mwepesi na dawa za miti. Hili ni kosa la hatari.

Saratani humaliza misuli na nguvu za mwili hata kama mgonjwa amelala tu. Ukimnyima chakula, uvimbe haufi kwa njaa. Anayekonda ni mgonjwa. Akifika Ocean Road, Dar es Salaam, au KCMC, Moshi, akiwa dhaifu mno, madaktari huweza kulazimika kuahirisha dawa au mionzi. Ugonjwa nao haungoji.

Basi alishwe vipi? Mtume (s.a.w) aliisifu talbina, uji laini wa unga wa shayiri, kuwa humtuliza mgonjwa moyo. Hadithi hiyo, iliyopokewa kwa Bibi Aisha (r.a), imo katika Bukhari na Muslim. Sisi tunao unga wa mahindi. Pika uji laini, tia maziwa, karanga zilizosagwa na kijiko cha mafuta. Mpe kikombe kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, badala ya sahani kubwa mara mbili kwa siku. Mpe pia mayai, maharage yaliyopondwa, ndizi za tui la nazi, na samaki aliyetolewa miba.

Akiwa na vidonda mdomoni, asukutue kwa kikombe cha maji safi chenye nusu kijiko cha chai cha chumvi. Aache pilipili na ndimu. Akichefuka, pika mbali naye na umpe chakula kilichopoa.

Usafi usisahaulike, kwani dawa za saratani hupunguza kinga. Nawa mikono kwa sabuni, chemsha maziwa na maji ya kunywa, mayai yaive kabisa, karanga zenye ukungu tupa.

Asali na habat soda visichukue nafasi ya tiba ya hospitali, na daktari aambiwe kila anachotumia. Ramadhani asilazimishwe kufunga: ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185.

Mpime uzito kila wiki kwenye zahanati. Wa kilo 60 akipungua kilo 3 ndani ya mwezi, mrudishe kwa daktari. Akishindwa kumeza hata maji, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, Magunga kwa walio Korogwe. Yapo matibabu ya kufungua njia ya chakula au kumlisha kwa mpira.