Moyo wa Mwanamichezo: Mazoezi au Ugonjwa?

Tarehe 26 Juni 2003, katika uwanja wa mjini Lyon, Ufaransa, kiungo wa Kameruni Marc-Vivien Foé alianguka katikati ya uwanja bila kuguswa na mtu. Ilikuwa nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Kolombia. Alifariki akiwa na miaka 28. Uchunguzi wa mwili ulionyesha ugonjwa unaonenepesha misuli ya moyo, ambao aghalabu hurithiwa.

Hapa ndipo penye ugumu. Mazoezi makali nayo hunenepesha moyo. Daktari atajuaje kama moyo ulio mbele yake umeimarika au unaumwa?

Umeme wa moyo

Moyo hujiendesha kwa umeme wake wenyewe. Umeme huo huanzia katika chembe chache zilizo sehemu ya juu ya moyo, upande wa kulia. Husambaa katika vyumba viwili vya juu, husita kidogo, kisha hushuka kwenye vyumba viwili vya chini ambavyo husukuma damu. Mholanzi Willem Einthoven alibuni chombo cha kuuchora vizuri, na mwaka 1924 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Leo kipimo hicho, ECG, hufanywa kwa kubandika vinasa umeme 10 kifuani, mikononi na miguuni. Hakiumi, na huchukua dakika chache tu.

Mazoezi hubadili nini?

Kwa mtu anayekimbia au kuogelea kwa miaka, vyumba vya moyo hupanuka na kuta zake hunenepa kiasi. Kila pigo hutoa damu nyingi zaidi, hivyo akipumzika moyo hauhitaji kupiga mara nyingi. Tufanye hesabu: mapigo 70 yenye mililita 70 kila moja hutoa karibu lita 5 kwa dakika. Mapigo 45 yenye mililita 110 hutoa kiasi kilekile.

Ndiyo maana mwanariadha anaweza kuwa na mapigo 40 na kitu akiwa amepumzika, wakati kawaida ya mtu mzima ni 60 hadi 100. ECG yake inaweza pia kuonyesha vilele virefu, au umeme unaochelewa kidogo kufika vyumba vya chini. Mara nyingi ucheleweshaji huo hutoweka akianza kukimbia.

Asili ya mtu nayo huzingatiwa. Kwa wanamichezo wengi wenye asili ya Afrika, wimbi la mwisho la mchoro hupinduka chini katika vinasa vya mbele ya kifua, baada ya mstari ulioinuka. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2017 inahesabu hali hiyo kuwa ya kawaida kwao, iwapo hakuna dalili nyingine. Asiyejua hilo anaweza kumsimamisha kijana mzima kucheza. Lakini wimbi hilo likipinduka katika vinasa vya ubavu wa kushoto, lazima uchunguzi uendelee.

Dalili za kutopuuzwa

Kuzimia wakati wa mazoezi, maumivu ya kifua unapokimbia, au ndugu wa karibu aliyefariki ghafla akiwa kijana: haya yanahitaji daktari kabla ya mechi inayofuata. Atapima moyo kwa mawimbi ya sauti. Pengine atamwambia mchezaji apumzike miezi kadhaa, kwa kuwa unene uliotokana na mazoezi hupungua, ila ule wa ugonjwa kwa kawaida hubaki.

Hata hivyo, ECG haioni kila kasoro. Tarehe 12 Juni 2021 mjini Copenhagen, moyo wa Christian Eriksen wa Denmark ulisimama mechi ikiendelea. Aliokolewa kwa sababu watu walikandamiza kifua chake mara moja na mashine ya kushtua moyo ilikuwapo.

Kwa hiyo walimu wa michezo na viongozi wa timu za vijana wajifunze jambo hili. Mchezaji akianguka bila kugongwa, haitiki wala hapumui kawaida, iteni msaada, kisha kandamizeni katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha hadi mashine au wahudumu wafike. Kila dakika inayopita bila kufanya hivyo hupunguza nafasi yake ya kuishi.