Soko la insulini: kutoka seli za kiwavijeshi hadi jokofu la Dumila

Insulini yote inayouzwa Tanzania huagizwa nje. Insulini ya binadamu ya uhandisi jeni iliidhinishwa Marekani mwaka 1982, ikaanza kuchukua nafasi ya ile ya kongosho za ng'ombe na nguruwe. Hadi leo viwanda hutumia bakteria au hamira, kwa kuwa hukua haraka kwa gharama ndogo.

Njia nyingine ni seli za wadudu. Zinazotumika zaidi zilipatikana miaka ya 1970 kwenye ovari za pupa wa kiwavijeshi vamizi, mdudu yuleyule anayesumbua mahindi nchini tangu 2017. Virusi vya wadudu hubebeshwa jeni ya binadamu na kuziambukiza seli hizo, nazo huzalisha protini kwa siku chache kabla ya kufa. Zimeshatoa chanjo zilizo sokoni. Kwa homoni, mara nyingi hushindwa kuikata homoni ghafi ikakamilika, na sukari zinazoipachika ni fupi, hivyo ini huiondoa mapema mwilini. Insulini haihitaji sukari hizo, kwa hiyo faida ya kuhama hamira ni ndogo.

Dumila, njiapanda ya Kilosa, hesabu ni nyingine. Mwenye duka la dawa mmoja analalamika kuwa hasara yote humwangukia yeye. Hununua kwa jumla Morogoro mjini na kusafirisha ndani ya kisanduku cha barafu, chupa zikiwa zimefungwa gazeti zisigusane na barafu, kwani insulini iliyoganda haifai hata ikiyeyuka. Dukani inatakiwa kukaa nyuzi 2 hadi 8; umeme ukikatika, mzigo uko mashakani na msambazaji haurudishi. Wateja wake, wengi wao wakulima wa mahindi na mpunga, hununua vizuri baada ya mavuno na kukopa wakati wa palizi. Malipo ya bima, anadai, huchelewa.

Afisa mmoja wa afya anasisitiza kuwa dawa ipo hospitali za umma na wenye kisukari wana msamaha wa kulipia. Msamaha huo upo kisera. Wanaofika dukani na karatasi ya daktari mkononi hawaonekani kuufaidi.

Bei ya kiwandani inaweza kushuka watengenezaji wa insulini ya hamira wakiongezeka, ingawa punguzo hilo huenda lisifike Dumila. Gharama za jokofu na usafiri zitabaki, na barabara ya kutoka Morogoro yenyewe si ya kuaminika sana: Januari 2014 mafuriko yaliikata hapohapo.